Nikujazie au Unaondoka Nayo Kavu?

Kijana wa kaunta aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu yake: "Nikujazie au unaondoka nayo kavu, dada?"

Ilikuwa Gerezani, Kariakoo, mchana wa jua kali, kwenye moja ya yale maduka ya spea ambayo mlango mzima umezibwa na tairi zilizoning'inizwa. Betri yangu ilikuwa mezani kwenye boksi lake, na pembeni kile kichupa cha plastiki chenye vyumba sita, kila chumba kimezibwa kwa karatasi yake ya foili. Pikipiki nilikuwa nimeiacha Goba, haipigi selfu, na fundi wangu alikuwa amenipa kipande cha karatasi chenye namba ya betri na chini yake maneno mawili: "Isijazwe huko."

Nikasema kavu.

Kushoto kwangu alisimama kijana wa boda, reflekta yake imepauka mpaka huwezi kujua ilizaliwa na rangi gani. Akaulizwa swali hilohilo. "Jaza," akajibu, "nina abiria nje." Abiria kweli alikuwepo, mama mmoja mwenye mfuko wa vitenge, amekaa upande juu ya pikipiki anajipepea kwa risiti.

Betri ya yule kijana ilikuwa ya aina ya zamani, ile yenye vizibo sita juu na kimrija cha kupumulia ubavuni. Muuzaji akaiweka chini, akafungua vizibo kwa bisibisi, akachomoa kikofia chekundu kilichoziba kimrija, akamimina asidi kutoka kwenye galoni kwa kukadiria kwa jicho. Ikaanza kuchemka kwa sauti ndogo. Kabla haijanyamaza akarudisha vizibo, akaipangusa kwa tambara na kumkabidhi mwenyewe.

"Mbona ya moto?"

"Ndiyo inaamka hiyo, kaka."

Tulicheka sote. Dakika chache baadaye pikipiki iliwaka kwa mguso mmoja wa selfu, mama akageuza miguu, wakapotea kuelekea Msimbazi. Na mimi nikabaki na betri yangu kavu mkononi, nikijiuliza ni nani kati yetu wawili aliyekuwa mjanja.

Inaamka

Lile joto limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, ndiyo maana naandika.

Betri kavu inatoka kiwandani bamba zake za risasi zimekwisha chajiwa, zikakaushwa, zikafungiwa ili unyevu usiingie. Ndiyo sababu inaweza kukaa rafuni muda mrefu bila kuzeeka. Asidi ikishaingia, umri unaanza kuhesabiwa na hakuna wa kuusimamisha. Bamba zinanyonya, zinapata joto, mapovu yanapanda. Mpaka hapo muuzaji hakukosea kitu: betri mpya kupata moto ni kawaida yake.

Shida iko kwenye kinachofuata. Ndani ya boksi huwa kuna kikaratasi, kile tunachokitupa pamoja na nailoni, na watengenezaji wameandika humo kwamba betri ikishajazwa iachwe itulie walau nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa kwenye chombo. Sababu ni kwamba kujaza peke yake huifikisha kwenye takriban asilimia 80 ya chaji. Na asilimia 80 inapiga selfu vizuri tu. Dereva anaondoka ameridhika, muuzaji ameridhika, abiria anafika.

Ile asilimia 20 iliyobaki ndiyo inayodai baadaye. Sehemu ya bamba ambayo haikuchajiwa hubaki na salfeti ya risasi, ileile ambayo hujitengeneza kila betri inapotumika. Ikichajiwa mapema hurudi kuwa risasi na asidi kama ilivyokuwa. Ikiachwa wiki baada ya wiki, fuwele zake hukua na kukomaa, na chaja ya kawaida haiziwezi tena. Betri uliyoinunua kwa Ah 7 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza) inaishi maisha yake yote ikiwa na tano na ushee, na stika ubavuni bado inasema saba.

Kuna hoja moja huwa inatolewa hapa: si pikipiki yenyewe itamalizia kuchaji njiani? Kwa anayetoka Dar kwenda Morogoro, huenda. Kwa boda wa mjini sioni. Taa ya mbele inawaka, indiketa zinafanya kazi, foleni ya Ubungo injini inaunguruma polepole, akishusha abiria anazima, akipata mwingine anapiga selfu tena. Koili za kuchaji za pikipiki ndogo hutoa umeme kiduchu injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Ni kujaza mtungi kwa kijiko huku kuna mtu anauchota kwa kikombe.

Ya kwangu tuliijaza nyumbani kwa fundi, barazani, jioni. Yeye ni mzee aliyefanya umeme wa magari kabla Goba haijawa na lami, na ana tabia ya kufanya kazi kama vile mtu anamlipa kwa saa. Alikigeuza kile kichupa kichwa chini, foili zake zikiwa hazijaguswa, akakikandamiza kwa viganja viwili juu ya matundu sita ya betri mpaka foili zote zikapasuka kwa pamoja. Mapovu yakaanza kupanda kwenye vyumba, kimoja kimoja. Cha tatu kiligoma. Akagonga ubavu wa kichupa kwa kucha, akasubiri, akagonga tena, nacho kikaanza.

"Ungetoboa foili kwa bisibisi ingeshuka haraka," nikamwambia, maana nilishaona watu wakifanya hivyo.

"Ingemwagika kwenye suruali yangu haraka, mwanangu."

Akanionyesha goti la suruali. Vitundu vidogo vidogo, kingo zake zimechanika taratibu. Asidi haikuumbui palepale. Unafua nguo, unaanika, ndipo unaona matundu.

Namba za ubavuni

Kwenye ile karatasi ya fundi, herufi L ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili. Sikuelewa mpaka niliposimama kaunta na kuona betri mbili zinazofanana kama mapacha, moja ikiwa na L na nyingine haina.

Katika betri za namba za Kijapani, ambazo ndizo zimejaa kwenye pikipiki zetu hata zile za Kihindi na Kichina, L inakuambia kichwa cha chanya kiko kulia ukiielekeza vichwa vyake kwako. Isiyo na L, chanya iko kushoto. Ukichukua isiyo yako, utaikuta inaingia vizuri kwenye sehemu yake, ila waya mwekundu haufiki. Hapo ndipo fundi wa haraka huigeuza, huvuta waya, au akiwa amechoka hufunga chanya pasipo chanya. Ukibahatika fyuzi inakata. Usipobahatika regureta, ile inayodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, inaungua, na si spea ya kuchekea.

Namba zenyewe zina mtego mwingine. Kwenye betri za zamani za 12N, mambo yako wazi: 12N9 ni volti 12 na Ah 9. Kwenye zile za YTX, zilizozibwa, namba ya katikati si Ah. YTX9-BS ina Ah 8. YTX7A-BS ina 6. YTX5L-BS ina 4. Nimemsikia mteja akimkaripia muuzaji kwamba ameuziwa feki kwa sababu ubavuni imeandikwa "6Ah" na yeye aliomba saba. Safari hiyo muuzaji hakuwa na hatia, ingawa sina hamu ya kuwa wakili wa wauzaji wa Kariakoo.

Feki zipo, na hilo sihitaji kulieleza kwa mtu wa mji huu. Kipimo ninachokiamini kuliko stika ni mkono. Risasi ni nzito, na anayetaka kubana gharama hupunguza risasi. Omba betri mbili za namba moja, kutoka kwa watengenezaji tofauti, zote zikiwa kavu au zote zimejazwa, shika moja kila mkono. Tofauti ikiwa unaisikia begani, umeshajua.

Kuna wanaoshauri uweke kubwa kuliko iliyokuja na pikipiki, yaani Ah 9 palipokuwa na 5. Ikitosha kwenye nafasi yake na vichwa viko upande sahihi, haitaharibu kitu. Lakini koili ni zilezile. Ukubwa unakupa akiba pale tu unapoweza kuijaza, na kwa safari za kuungaunga sidhani kama inajaa hata mara moja. Mimi nilibaki na ya saizi ya mwenye pikipiki, yaani kiwanda.

Halafu zipo ambazo hujazwa na kuchajiwa kiwandani kabisa. Hizo zinafuta swali la kaunta na kuleta lingine: imekaa rafuni tangu lini? Betri iliyojazwa hupoteza chaji hata kama haijaguswa, na joto huharakisha. Kwenye duka la bati lisilo na feni, Dar, mwezi wa pili, huharakisha sana. Mwambie muuzaji aweke mita ya volti. Ikisoma 12.6 au zaidi, lipa. Ikiwa chini ya 12.4, imeshakaa na njaa muda mrefu, mwachie mwenyewe. Muuzaji akikataa kuweka mita, hilo nalo ni jibu.

Za lithiamu sizungumzii. Ni nyepesi ajabu na bei yake si ya rika letu, na hazivumilii regureta inayopitiliza. Kwa pikipiki ambazo regureta zake zimebadilishwa kwa za bei poa, sizitaki hata kwa zawadi.

Kabla ya kulaumu betri

Kitu ambacho fundi alinifanyia kabla hata hajaniandikia namba, na ambacho hakuna duka litakufanyia, ni kuipima pikipiki.

Asubuhi kabla haijawashwa aliweka mita kwenye vichwa vya betri ya zamani. Akaniambia nibonyeze selfu huku anatazama. Ikaanguka hadi nane na kitu. Betri nzima inapozungusha injini haitakiwi kushuka chini ya 9.6 au hapo karibu. Akapiga kiki, injini ikawaka, akaongeza mafuta kidogo na kutazama tena. Volti 14.3. Hapo alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana pikipiki inayochaji vizuri, injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, husoma kati ya 13.5 na 14.8. Chini ya 13, haichaji. Juu ya 15, inaichemsha betri mpaka maji yanakauka.

"Kwa hiyo tatizo nini?"

"Imezeeka. Vitu huzeeka, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia siri kubwa zaidi ya hiyo.

Lakini wiki hiyohiyo nikiwa pale barazani aliletwa kijana na betri iliyovimba kama imemeza pumzi. Ilikuwa ya pili ndani ya muda mfupi, na alishaapa kutokanyaga tena kwenye lile duka lililomuuzia. Fundi akaweka mita, akapandisha mafuta. Ikasoma zaidi ya 16. Regureta ilikuwa imekufa, inapitisha umeme wote unaokuja. Hata angenunua betri ya tatu kwa bei ya dhahabu, ingevimba vilevile. Kijana alitazama ile mita kwa muda, kisha akauliza regureta shilingi ngapi, kwa sauti ya mtu anayejua jibu halitampendeza.

Nadhani hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba betri inabebeshwa dhambi za wengine. Ndiyo inayoonekana, ndiyo inayouzwa dukani kwa jina lake, ndiyo unayoweza kuibadilisha ndani ya dakika kumi na kujisikia umetatua jambo. Koili, regureta, waya uliochubuka chini ya tanki, hivyo havina boksi zuri.

Na wapo wanyonyaji wadogo. Pikipiki nyingi za mkataba, zile ambazo dereva humlipa tajiri mwenye mali kidogo kidogo mpaka ziwe zake, siku hizi zimefungwa kifaa cha GPS ili tajiri ajue mali yake iko wapi, na kifaa hicho hakilali. Ongeza soketi ya kuchajia simu, vile vitaa vya rangi chini ya tanki, na redio. Kifaa kinachonyonya miliampea 40 usiku na mchana kitaimaliza betri ya Ah 5 kwa saa 125, yaani siku tano na ushee, na selfu itagoma kabla ya hapo. Kwa boda anayetembea kila siku hiyo si kitu, usiku mmoja hauli hata nusu Ah. Kwa aliyeugua malaria wiki nzima pikipiki ikiwa ndani, anaamka anakuta betri imemtangulia kuugua.

Hesabu

Sasa, nilikuwa nimeshajiandaa kuandika makala ya kuwaambia watu wasijaze betri kaunta. Nilikuwa na sababu, nilikuwa na namba, nilikuwa na ile suruali ya fundi.

Nikalipeleka jambo kijiweni kwetu kwanza.

Waliisikiliza vizuri. Kisha mmoja, aliyekuwa amelala juu ya tanki la pikipiki yake miguu kwenye usukani, akasema bila kuinuka: "Dada, wewe pikipiki yako ikilala unapanda daladala. Ya kwangu ikilala, hesabu ya tajiri nani analipa?"

Hesabu yake, yaani fedha anayompelekea tajiri, ni elfu kumi kwa siku, iwe jua iwe mvua. Akilaza pikipiki siku moja ili betri ijazwe taratibu, itulie, ichajiwe usiku kucha, ameshapoteza elfu kumi ya tajiri, na mlo wa nyumbani uko palepale. Betri yenyewe huinunua kwa elfu thelathini na tano. Nikamwambia ikidumu mara mbili zaidi atakuwa ameokoa zaidi ya hiyo elfu kumi. Akafikiri. Halafu akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu mpaka leo.

"Ameokoa nani?"

Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Katikati ya mkataba, kila anachoweka kwenye pikipiki anaweka kwenye mali ambayo bado si yake, na tajiri anaweza kuamka siku moja akaichukua kwa sababu ya hesabu za siku tatu. Betri ya miezi minane inamtosha kabisa kufika anakokwenda. "Ikiwa yangu," akasema, "nitaipeleka kwa fundi wako, na kikaratasi chako nitakisoma."

Wengine wakacheka, na mazungumzo yakahamia Simba na Yanga.

Msiniletee ile methali ya haraka na baraka. Niliitafakari njia nzima kurudi nyumbani na haikunisaidia. Kijana yule wa Gerezani hakuwa mzembe. Alikuwa na abiria juu ya pikipiki na tajiri juu ya kichwa, na kaunta ilimpa machaguo mawili: aondoke na kitu kinachowaka sasa, au aondoke na boksi. Ningekuwa yeye ningesema "jaza" kabla swali halijaisha.

Kilichoanza kunisumbua kikawa kaunta yenyewe. Kwa nini duka lisiwe na betri tano zilizokwisha jazwa na kuchajiwa vizuri jana usiku, zinasubiri mtu wa haraka?

Nikarudi Gerezani kuuliza. Yule kijana alinijibu kwa uaminifu uliomzidi bosi wake. Betri kavu isiponunuliwa mwezi huu, itanunuliwa mwaka kesho. Iliyojazwa isiponunuliwa, inafia mikononi mwa duka. Bosi hataki hasara hiyo imkae yeye, kwa hiyo inasukumwa kwa mteja, na mteja anaipokea ikiwa ya moto.

Maji, magadi na mengine

Haya nayapita haraka maana wengi mnayajua, na wasioyajua yatawafaa.

Kama betri yako ni ya vizibo sita, itazame kila mwezi, na kila wiki mbili wakati wa joto. Kinachopungua mle ni maji, asidi haiendi popote. Kwa hiyo unaongeza maji ya betri yaliyosafishwa, hadi mstari wa juu na si zaidi. Anayeongeza asidi anaifanya kuwa kali kuliko inavyotakiwa, na bamba zinaliwa. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, usiyaguse. Ya kunywa ya chupa nayo yana madini. Najua mafundi wanaokinga maji yanayodondoka kwenye viyoyozi. Ni afadhali kuliko kisima, ila yamepita kwenye mabati na vumbi la mwaka mzima, na chupa ya maji ya betri si ghali kiasi hicho.

Ile YTX iliyozibwa, ukishakandamiza ukanda wa vizibo vyake mara moja, usiufungue tena maisha yake yote.

Kile kikofia chekundu muuzaji alichokichomoa na kukitupa: alifanya sahihi. Kikisahaulika, gesi haina pa kutokea, na gesi yenyewe ni haidrojeni. Kimrija kielekezwe chini, mbali na mnyororo, kwa sababu kinachotoka humo kinakula chuma. Na wakati wa kuchaji, sigara ikae mbali.

Ukifungua betri, anza na hasi. Ukifunga, anza na chanya. Spana ikigusa fremu wakati unahangaika na chanya huku hasi bado imefungwa, utaona cheche za kukusimulia wajukuu. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa unaoshwa kwa magadi yaliyokorogwa kwenye maji ya moto, vizibo vikiwa vimekazwa ili magadi yasiingie ndani, kisha unakausha na kupaka grisi kidogo. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, kama zile za masika zisizotoka nje, chomoa hasi.

Inakokwenda ya zamani

Duka lilinipunguzia elfu chache kwa kuwaachia betri yangu ya zamani. Ilitupwa juu ya rundo nyuma ya kaunta, nyingine zikiwa zimelala ubavu. Nilipouliza zinakwenda wapi, nikaambiwa watu wa vyuma chakavu huzifuata, wanapima kwa kilo. Asidi humwagwa kwanza, maana mnunuzi hataki kulipia maji. Inamwagwa wapi, nilioneshwa kwa kidevu: mtaroni.

Risasi haiozi, ndiyo sifa na laana yake. Inayeyushwa na kuwa betri nyingine. Pale inapoyeyushwa hovyo, tumeshaona kinachotokea, tena jirani tu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ubavuni mwa makazi ya watu, na risasi ikaingia kwenye vumbi, maji na damu za watoto. Phyllis Omido aliwahi kufanya kazi hapo, mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi ilikuwa imempitia kwenye maziwa ya mama yake. Mapambano yake yalimpatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na rufaa zikaendelea baada ya hapo.

Swali la "ameokoa nani" nikalisikia tena hapa, limegeuka. Betri inayokufa katika nusu ya umri wake inamaanisha risasi inayosafiri kwenda kuyeyushwa mara mbili badala ya moja. Dereva anaweza asipate faida yoyote ya kusubiri. Tajiri naye asijali. Mtoto wa karibu na tanuru hajaulizwa.

Usiku barazani

Aliyepata njia alikuwa fundi, bila makala wala mkutano.

Boda wa mtaani hushusha abiria wa mwisho saa nne au saa tano usiku, na kutoka tena saa kumi na moja alfajiri. Fundi alianza na mmoja: niletee betri kavu usiku, nenda kalale. Anaijaza, anaiacha itulie wakati anakula, kisha anaiweka kwenye chaja mpaka alfajiri. Chaja yake ni ya gari, ina nguvu kupita kiasi kwa kitu kidogo. Betri ya Ah 7 inataka kama ampea 0.7, sehemu ya kumi ya Ah zake. Kwa hiyo ametia balbu ya taa ya pikipiki katikati ya waya ili mkondo upungue. Balbu ikiwaka kwa nguvu anajua betri bado ina njaa, ikififia anajua inashiba. Umeme ukikatika usiku, anampigia mwenyewe asije mapema.

Kwa ambaye betri yake imekufa kabisa mchana, anayo moja ya kuazima, ya zamani lakini hai, yenye alama ya rangi nyekundu juu ili isipotelee kwa mtu. Unaondoka nayo, unapiga kazi, usiku unairudisha na kuchukua yako. Kwa yote anachukua elfu mbili.

Yule kijana wa kijiweni aliyelala juu ya tanki alipeleka ya kwake mwezi uliopita, mkataba ukiwa bado haujaisha. Nilipomuuliza kilichombadilisha, akasema hakijambadilisha kitu. Ila kwa kuwa haimpotezei hesabu, hana sababu ya kukataa.

Sasa habari zimeenea hadi Madale. Chaja ni moja na betri zinakuja nne, tano kwa usiku, kwa hiyo fundi ameanza kuandika majina kwenye daftari. Foleni ikifika siku mbili, wapo wanaolalamika kwamba mzee anachelewesha watu, na wawili watatu wameshaamua kurudi kujaziwa kaunta.